Gari jipya la bei nafuu: bado lipo? Na linakufaa?



Kila mwaka, kuanzia mwezi wa pili marejesho ya kodi yanapoanza kuingia benki, swali hili linaulizwa ofisini kwetu karibu kila siku: "Nimechoka na magari yanayonizimikia barabarani. Naweza kununua gari jipya kabisa, la bei ndogo?"

Jibu fupi ni hili: gari jipya la bei nafuu bado lipo hapa Marekani, ila aina zake zimebaki chache, na bei yake siyo ile inayotangazwa. Kwa familia fulani ni uamuzi mzuri. Kwa nyingine ni mzigo wa miaka sita unaoweza kula hata kodi ya nyumba. Makala hii inakusaidia kujua wewe uko upande gani kabla ya kuweka sahihi.

Kwa nini gari jipya linavutia

Tusidharau hamu hii. Wengi wetu tuliotoka Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au Dzaleka tulizoea kwamba gari ni kitu kilichokwisha kutumika kwingine. Hata matajiri wa mjini walinunua gari lililotoka Japani likiwa na miaka saba au nane. Kukaa kwenye kiti ambacho hakuna mwingine aliyekikalia, kukiwa bado na nailoni, si jambo dogo. Na picha ukiituma nyumbani, kila mtu anaelewa kwamba umefika.

Lakini kuna sababu nyingine yenye uzito zaidi ya picha: kazi. Kiwanda cha nyama, ghala au hospitali vinaweza kuwa maili 30 kutoka nyumbani, zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri, na basi hakuna. Gari likikataa kuwaka mara tatu kwa mwezi, kazi inapotea. Gari jipya lina waranti, yaani kiwanda kinatengeneza kwa gharama yake kilichoharibika chenyewe. Kwa Hyundai na Kia, mnunuzi wa kwanza anapewa waranti ya injini na giaboksi ya miaka 10 au maili 100,000, kutegemea kipi kinatangulia, na ya gari zima miaka 5 au maili 60,000. Toyota, Nissan na Chevrolet wanatoa miaka 3 au maili 36,000 kwa gari zima, na miaka 5 au maili 60,000 kwa injini na giaboksi. Sharti ni kumwaga oili kwa wakati na kutunza risiti. Ukitupa risiti, unajinyima ushahidi siku utakapouhitaji.

Magari ya bei ya chini yamekwenda wapi?

Watu waliofika miaka kumi iliyopita watakuambia walinunua gari jipya kwa dola 13,000 au 14,000. Hawadanganyi, ila soko hilo limefungwa. Ile Vitz unayoijua kutoka nyumbani iliuzwa hapa kwa jina la Yaris, na Toyota iliiondoa mwaka 2020. Honda Fit iliondoka mwaka huohuo. Chevrolet Spark na Hyundai Accent ziliishia 2022, Kia Rio 2023. Mitsubishi Mirage toleo lake la mwisho ni la 2024, na Nissan Versa, iliyokuwa imebaki peke yake chini ya dola 20,000, toleo lake la mwisho ni la 2025.

Sababu ni za biashara. Gari dogo linampa mtengenezaji faida ndogo, na Wamarekani wengi wanapenda magari ya juu aina ya SUV. Sheria za usalama nazo zimeongeza vifaa vya lazima. Kwa mfano, tangu mwezi wa tano 2018 kila gari jipya lazima liwe na kamera ya nyuma. Kisha mwaka 2025 serikali ikaongeza ushuru wa magari yanayotoka nje, na mengi ya magari ya bei ya chini yanatoka nje.

Wengine wanauliza: "Ndugu yangu yuko Dubai, anaona magari mapya ya Kichina ya bei rahisi. Mbona hapa hayapo?" Ni kwa sababu ya ushuru pia. Mwaka 2024 Marekani ilipandisha ushuru wa magari ya umeme ya China hadi asilimia 100.

Yaliyobaki kwa mnunuzi wa kawaida, ambayo bei yake inaanzia kati ya dola 20,000 na 24,000 kabla ya ada na kodi, ni haya hasa:

• Hyundai Venue na Chevrolet Trax, magari madogo ya juu kidogo, yote yanatengenezwa Korea Kusini.
• Kia K4 na Nissan Sentra, magari ya chini ya milango minne, kutoka Meksiko.
• Toyota Corolla, ambayo nyingi zinatengenezwa hapahapa, jimbo la Mississippi.

Haya siyo magari mabaya. Yana mifuko ya hewa, kamera na breki za kujikamata, na yanakwenda takriban maili 30 au zaidi kwa galoni moja. Tatizo ni kwamba lile la bei ya chini kabisa huwa nadra kwenye yadi. Muuzaji anapendelea kuagiza yaliyoongezewa vitu. Ukiliona la bei ya chini kwenye tangazo, piga simu kwanza, taja namba ya chasi iliyo kwenye tangazo, uulize kama gari hilohilo bado lipo. Ukiambiwa "njoo tu, tutaongea", elewa kwamba huenda limekwisha kuuzwa.

Bei ya kwenye kioo siyo bei ya mwisho

Kila gari jipya lazima liwe na karatasi kwenye kioo inayoonyesha bei ya kiwanda. Ni sheria tangu 1958. Lakini juu ya bei hiyo kuna mengine. Tuchukue mfano:

Bei ya gari: dola 21,000
Usafirishaji kutoka kiwandani: dola 1,400
Kodi ya mauzo, tuseme asilimia 6: dola 1,344
Karatasi na namba za gari: dola 500
Jumla: dola 24,244

Hapo hatujaweka vitu ambavyo mwenye yadi atajaribu kukuuzia: dawa ya kukinga rangi, hewa maalumu ya matairi, bima ya funguo, waranti ya nyongeza. Hivi si lazima. Ukiviona kwenye mkataba na hukuviomba, sema viondolewe. Una haki hiyo, hata kama wameshavichapa.

Usiulize "bei ni ngapi?" peke yake. Uliza: "Nikilipa kila kitu, nitoke na gari na namba zake, jumla ni ngapi?" Na waombe waiandike.

Riba ndiyo inayoamua

Tuseme una dola 4,244 za kianzio kutoka kwenye marejesho ya kodi na akiba. Unakopa dola 20,000 zilizobaki. Angalia watu wawili wanaonunua gari hilohilo siku hiyohiyo.

Wa kwanza ana historia nzuri ya mikopo. Anapewa riba ya asilimia 7 kwa miezi 60. Analipa dola 396 kwa mwezi, na mwishoni amelipa dola 23,761 kwa mkopo huo.

Wa pili amefika juzi, hana historia. Anapewa asilimia 18 kwa miezi 72. Analipa dola 456 kwa mwezi. Tofauti ya dola 60 tu, anajisemea. Lakini mwishoni amelipa dola 32,843. Ongeza kile kianzio, na gari la dola 21,000 limemgharimu zaidi ya dola 37,000. Amelipa dola 9,000 zaidi ya jirani yake, na gari ni lilelile.

Ndiyo maana muuzaji anapenda kukuuliza, "Unaweza kulipa ngapi kwa mwezi?" Ukimtajia namba, atakupa namba hiyo kwa kurefusha miezi. Ukweli wa mkopo uko kwenye mambo matatu: kiasi unachokopa, asilimia ya riba, na idadi ya miezi. Sheria inamlazimu mkopeshaji kukuonyesha haya kwa maandishi pamoja na jumla ya malipo yote. Itafute karatasi hiyo, na uisome kabla ya nyingine zote.

Riba unaweza kuishusha, ila si kwa siku moja. Anza na mkopo wa tiketi ya ndege uliokuleta. Hauna riba, na ukiulipa kila mwezi kwa wakati unaanza kukujengea jina. Chukua kadi ya mkopo ya amana, nunua nayo mafuta ya gari tu, uilipe yote kila mwezi. Omba ripoti yako ya mikopo, ambayo ni bure, kutoka Equifax, Experian na TransUnion, uone kama hakuna deni lisilo lako. Baada ya mwaka mmoja hivi, mlango uliokuwa umefungwa unaweza kufunguka kidogo.

Na usikope kwenye yadi kabla ya kujaribu kwingine. Wanaotoka Kenya, Uganda na Tanzania mnaijua SACCO. Hapa kuna taasisi za namna hiyo zinazoitwa "credit union": wanachama ndio wenye mali, na mara nyingi riba yake ni ya chini. Jiunge, weka akiba kidogo, na uombe idhini ya mkopo kwao kabla hujakwenda kuangalia gari. Ukiingia yadi ukiwa na barua ya mkopo mkononi, mazungumzo yanabadilika.

Ndugu wanaojiepusha na riba kwa sababu ya dini, njia iliyo wazi ni kuweka akiba na kununua kwa pesa taslimu gari lililotumika. Watengenezaji wakati mwingine hutangaza mkopo wa asilimia 0, lakini huwa kwa wenye alama za juu za mikopo. Msome mkataba huo na mtu mnayemwamini kabla ya kuukubali.

Bima inaweza kuzidi ulivyofikiri

Gari la zamani ulilolipia taslimu unaweza kulikatia bima ndogo, ile inayomlipa mwingine ukimgonga. Gari la mkopo haliruhusiwi hivyo. Mkopeshaji atakutaka ukate bima kubwa, inayolipa na gari lako pia. Kwa dereva mwenye leseni ya miezi michache, au nyumba yenye kijana wa miaka 17, bima hiyo inaweza kuwa mamia ya dola kila mwezi.

Kwa hiyo piga simu ya bima kabla ya kununua, siyo baada. Wape aina ya gari na mwaka wake, upate bei kutoka kampuni tatu. Hili ni muhimu pia kwa wanaofikiria Kia au Hyundai zilizotumika za kati ya 2011 na 2021: nyingi hazikuwa na kifaa cha kuzuia wizi, ziliibwa sana, na sehemu nyingine kampuni za bima zilikataa kuzikatia bima.

Viti vitano

Jambo hili linasahaulika mpaka siku ya kwanza ya kwenda kanisani au msikitini. Magari yote niliyoyaorodhesha hapo juu yana viti vitano. Majimbo yote yana sheria ya viti vya watoto, na viti vitatu vya watoto haviingii kirahisi nyuma ya Venue. Mtoto hapakatwi mapajani, hata kwa safari ya dakika tano.

Familia ya watu saba au wanane inahitaji gari la safu tatu. Jipya la aina hiyo, kama Toyota Sienna au Honda Odyssey, linaanzia karibu dola 40,000. Sitakuficha: kwa familia kubwa, gari jipya la bei nafuu halipo. Kwao ni bora gari la safu tatu lililotumika, lililokaguliwa na fundi asiye wa yadi hiyo. Kwa dola mia moja na ushei atalinyanyua, atazame chini, na akuambie ukweli.

Mdhamini na mtafsiri

Wenye yadi wakiona huna historia watasema: "Lete mtu aweke sahihi pamoja nawe." Kwetu, kumkatalia ndugu ni aibu. Lakini elewa maana ya sahihi hiyo. Mdhamini si shahidi kama wa ndoa. Ni mdaiwa kamili. Shemeji yako akishindwa kulipa, wewe utatafutwa, jina lako litaharibika, na nyumba uliyotaka kununua itachelewa kwa miaka. Undugu mwingi umevunjika kwa karatasi hii. Ukitaka kumsaidia ndugu, msaidie kwa pesa unayoweza kuipoteza, siyo kwa sahihi.

Na mtoto asiwe mtafsiri wa mkataba. Mtoto wa miaka 13 anajua Kiingereza cha shule. Hajui "riba ya mwaka" wala "kifungu cha kunyang'anywa gari", na si haki abebe lawama ya deni la wazazi. Usiposoma Kiingereza vizuri, omba nakala ya mkataba uondoke nayo. Yadi ikikataa kukupa nakala hata ya siku moja, hilo peke yake ni jibu.

Kwa hiyo, nani anunue na nani asubiri?

Chukua mshahara wa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Kabla ya makato ni dola 3,120 kwa mwezi. Tuseme unabaki na 2,600. Kodi ya nyumba 1,200. Zimebaki 1,400. Malipo ya gari 396, bima 200, mafuta 130: jumla 726. Zimebaki dola 674 za chakula, umeme, simu, mkopo wa tiketi, nguo za watoto na kutuma kwa mama. Na hapo tumetumia riba nzuri. Mshahara mmoja unabanwa, na mtoto akiugua au zamu zikipungua, gari ndilo litakalochukuliwa. Likichukuliwa, deni haliishi: gari litauzwa kwa mnada, na pungufu utadaiwa wewe.

Katika nyumba yenye mishahara miwili ya kudumu, hesabu hiyohiyo inapumua.

Gari jipya la bei nafuu linakufaa kama: umefanya kazi moja kwa mwaka au zaidi, riba uliyopewa ni chini ya asilimia 10, una kianzio, mko watano au pungufu, na mnaweza kukosa mshahara wa mwezi mmoja bila kuchelewesha kodi ya nyumba. Kwa hali hiyo, jipya linaweza hata kushinda lililotumika miaka miwili. Bei za yaliyotumika zilipanda sana tangu 2021, riba yake kwa kawaida ni kubwa zaidi, na waranti imeshaliwa nusu.

Kama hujafika hapo, nunua gari la kawaida lililotumika, lenye hati safi ya umiliki, uendeshe mwaka mmoja au miwili huku unajenga jina. Kuchelewa si kushindwa. Pia uliza ofisini kama kuna mpango wa akiba ya kuongezewa kwa ajili ya gari la kwenda kazini. Mipango hiyo hufunguliwa na kufungwa, hivyo uliza kila mara.

Kabla ya kuweka sahihi

1. Pata bei ya jumla kwa maandishi.
2. Angalia kiasi cha mkopo, riba, miezi, na jumla ya malipo yote. Usiangalie malipo ya mwezi peke yake.
3. Hakikisha mkopo umeshakubaliwa kabisa. Ukiondoka na gari halafu wakupigie simu kwamba mkopo umekataliwa, uje usaini mwingine wenye riba kubwa zaidi, usisaini. Tupigie kwanza.
4. Linganisha namba ya chasi kwenye mkataba na ile iliyo kwenye gari.
5. Usiamini "utarudisha ndani ya siku tatu". Sheria ya siku tatu watu wanayoisikia haihusu gari lililonunuliwa kwenye yadi. Ukishasaini, limekuwa lako.
6. Usinunue kwa sababu ya punguzo la kodi ulilolisikia. Punguzo la serikali kuu kwa magari ya umeme liliisha tarehe 30 Septemba 2025. Lile jipya la riba ya mkopo ni kwa magari mapya yaliyounganishwa Marekani tu, na kwa mwenye kipato kidogo linarudisha pesa kidogo.

Mwisho, ndugu yangu: yadi hazikimbii. Muuzaji akikuambia bei hii ni ya leo tu, mwambie asante na utoke. Gari lingine litakuja kesho kwenye lori. Leta karatasi zako ofisini siku yoyote ya kazi kabla ya kusaini, tutakaa nawe tuzisome ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili, bila malipo. Baada ya kusaini tunaweza kukusikiliza, lakini mara nyingi hatuwezi kuufuta mkataba.